Kiwango cha Saba

Shekue alikwenda hospitali kwa ajili ya jino, hakuwa na shida nyingine. Alikuwa fundi wa pampu kwenye bwawa la Kisengeli, mtu wa miaka thelathini na ushei, mrefu, mwenye viganja vilivyokomaa kwa spana, na gego lake la chini lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi. Daktari wa meno alilitazama, akasema halina budi kung'olewa, akamwelekeza chumba cha pili akavishwe Tulizo kwanza. Huko ndiko alikomkuta Daktari Kokubelwa.

Ulikuwa mwaka wa kumi na mbili tangu hospitali za Shirikisho ziachane na sindano za ganzi. Tulizo lilikuwa mkanda laini, mwembamba kama utepe wa fundi cherehani, unaofungwa shingoni na kuunganishwa na kioo kidogo cha mkononi. Lilisikiliza mishipa ya fahamu pale inapoingia kwenye uti wa mgongo, likayazuia maumivu yasipande kichwani. Aliyelibuni alikuwa Kokubelwa mwenyewe, enzi zile akiwa muuguzi wa usingizi aliyechoshwa na vilio vya watoto wachanga wasioweza kusema wanaumwa wapi. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa, ana wodi yake, ana jina, na bado kila Alhamisi alipenda kuwavisha wagonjwa kwa mikono yake.

Kabla ya kutuliza, Tulizo lilipaswa kumjua mtu, kwa kuwa maumivu ya huyu si ya yule. Basi lilituma kwanza chembe ya maumivu, kama ngozi kubanwa na kibanio cha nguo, likasikiliza mwili unavyojibu, kisha likapanga ngazi za mtu huyo, sifuri hadi kumi. Hatua hiyo iliitwa kujuana. Ilichukua sekunde tatu. Hilo jina pia alikuwa amelitoa yeye.

"Shikamoo, daktari," alisema Shekue.

"Marahaba, mwanangu. Keti, inua kidevu."

Akauchukua mkanda mezani. Shekue aliuona, na papo hapo akanyanyuka kitini. Hakupiga kelele. Alipiga magoti sakafuni, akaweka mikono nyuma, kiganja juu ya kiganja, akainamisha kichwa ili shingo ibaki wazi.

"Nitasema," alisema.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

Kokubelwa alikaa naye pale chini karibu saa nzima. Alimwahidi kwamba mkanda utasikiliza tu, hautatuma chochote, naye aweke kidole chake mwenyewe kwenye kitufe cha kuzima. Mwishowe Shekue akakubali, na kioo kikaonyesha kilichokuwamo.

Mishipa iliyopandishwa kupita nane haisahau upesi. Kwa wiki kadhaa huendelea kuitika, kama sikio linalovuma baada ya mlipuko, na kwenye kioo mwangwi huo huonekana kama meno ya msumeno. Kokubelwa alishauona kwa watu walioungua na kwa wanawake waliokaa na uchungu siku tatu. Kwa Shekue meno yalikuwa mengi, yamepangana sawasawa, yana urefu mmoja. Moto hauunguzi kwa mpangilio. Alimfungua shati, akamkagua mgongo, makwapa na nyayo. Hakuona hata mkwaruzo.

"Walikuvisha hii siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Wapi?"

"Mama, mimi nimekuja kung'oa jino."

Kisha akasema bila kumtazama: "Nilimtaja shemeji yangu. Nilisema yeye ndiye aliyeleta baruti. Anauza mbegu za alizeti, yule bwana. Bwawani kwetu hajawahi hata kufika."

"Yuko wapi sasa?"

"Bado yuko ndani. Mimi wameniachia kwa sababu nilisaidia."

Neno hilo, nilisaidia, alilitamka kama mtu anayerudia maelekezo ya dawa.

Mkanda wa kutuliza aliukataa. Sindano za ganzi hazikuwapo tena, stoo zilikuwa zimeacha kuziagiza miaka mingi. Jino likang'olewa kavu. Alishika mikono ya kiti, akatazama dari, na daktari wa meno, ambaye hakuambiwa kitu, alisema baadaye kwamba hajawahi kumwona mgonjwa mtulivu namna ile.

*

Jumapili iliyofuata Mheshimiwa Ezron Malugu, mbunge, alifika nyumbani kwa Kokubelwa bila dereva. Walikuwa wamesoma pamoja tangu shule ya msingi, na mama yake Malugu alifia katika wodi ya Kokubelwa, na Tulizo shingoni, akicheka na wajukuu mpaka saa ya mwisho. Alimkuta ukumbini kwa nyuma akimenya ndizi, mikono kaipaka mafuta ya kupikia utomvu usimgande. Akavuta kigoda, akaweka bahasha chini.

"Umesikia habari za muswada," alisema.

"Nimesikia redioni kwamba ni wa usalama."

"Usome mwenyewe basi."

Miezi mitano nyuma watu wasiojulikana walikuwa wamelipua nyumba ya pampu pale Kisengeli. Walikufa watu thelathini na wanane, na mji mzima wa Lwamisa ukakaa siku tisa bila maji. Sheria ya wakati huo ilisema mtu akikamatwa afikishwe kwa hakimu ndani ya saa ishirini na nne, apate wakili, na ndugu zake waambiwe alipo. Muswada ulizigeuza saa ishirini na nne kuwa siku tisini. Wakili alifutwa. Ndugu hawakutajwa. Na kifungu cha tisa kilieleza upya utesaji ni nini: tendo lolote linaloacha jeraha, kovu au ulemavu unaoweza kuthibitishwa na daktari.

Kokubelwa alisoma kifungu hicho mara mbili, karatasi ikiloa mafuta ya vidole vyake.

"Wameandika hiki huku wananitazama mimi," alisema.

"Ndiyo. Sasa soma cha kumi na mbili."

Kifungu cha kumi na mbili kiliruhusu kutumia kifaa cha tiba kilichoidhinishwa wakati wa mahojiano, kwa kiwango kisichozidi. Baada ya neno hilo palikuwa na nafasi tupu.

"Sisi tunaopinga tuko thelathini na tisa," Malugu alisema. "Wao ni zaidi ya mia moja. Tutashindwa, Koku. Kilichobaki ni kujua tutashindwa vipi. Kamati itakuita. Nipe namba. Ukisema tatu, nitapigania tatu, watanipa nne. Ukinyamaza, wataandika kumi, au wataacha hiyo nafasi hivyo hivyo."

"Unaniuliza mtu ateswe kiasi gani."

"Wanateswa tayari."

"Najua kuliko wewe." Akamsimulia habari za Shekue, bila kumtaja jina. Malugu alisikiliza, akajifuta uso kwa kiganja.

"Huyo walimpeleka tisa," alisema. "Kungekuwa na mpaka, asingefika tisa. Hilo ndilo ninalokuomba, wala si jingine. Mpaka."

Malugu aliondoka bila kula, na ndizi zikabaki ndani ya maji mpaka zikawa nyeusi.

Wiki nzima Kokubelwa alitembea na ile nafasi tupu kichwani. Kazini hakuna alichokifanya zaidi ya kutoa namba: huyu ana sita, mpunguze hadi mbili, yule ana nne, anaweza kusubiri. Kwa nini ashindwe na hii moja? Alijiambia kwamba nne ni jino bovu. Watu wanakwenda sokoni na jino bovu. Wanagombana na wake zao, wanalima. Kama nne ingeandikwa na kuheshimiwa, angekuwa amewaondolea watu wengine yale meno ya msumeno. Kukataa kungekuwa maringo ya mtu anayetaka mikono yake ibaki safi huku wenzake wakilia. Kufika Alhamisi alikuwa karibu kukubali.

Asubuhi ya Ijumaa alifunga mlango wa ofisi yake, akajivisha mkanda. Vifaa vya wodini havikuweza kutuma zaidi ya moja, lakini yeye alikuwa na ufunguo. Akaweka nne, dakika arobaini, akafunga kitufe cha kuzima ili asikifikie.

Dakika tano za kwanza aliandika barua. Nne ilikuwa nne kweli, ilikaa kwenye taya na nyuma ya macho kama mgeni mkaidi. Kisha akagundua kitu ambacho miaka thelathini ya wodi haikumfundisha. Jino bovu halina mtu ndani yake. Hii ilikuwa na mtu, hata kama mtu mwenyewe alikuwa yeye, na mwili ulijua kwamba kuna mahali inatoka na kuna wa kuombwa. Dakika ya kumi na mbili alisikia sauti ikisema, "Naomba," na ilikuwa yake. Alikuwa anakiambia kioo. Dakika ya kumi na tisa alijikuta anapitisha majina kichwani, majina ya watu anaowajua, wauguzi, jirani, dada yake, bila sababu, kama mtu apekuaye mifuko akitafuta chochote cha kutoa.

Mkanda ulipozimika alibaki amekaa, koti limelowa. Baadaye aliosha uso, akaenda kuzungukia wagonjwa.

*

Kamati ilikaa Jumanne, chumba cha pili cha Bunge, madirisha yamefunguliwa kwa sababu ya joto. Wananchi walijaa kwenye viti vya nyuma, wengi wao wakiwa na picha za wafu wa Kisengeli vifuani. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Rehani Mtitu, jaji mstaafu, mzee mwenye sauti ya upole ambaye alimwagizia shahidi maji kabla ya kumwapisha.

"Daktari, swali la kwanza ni jepesi. Tulizo linaacha jeraha?"

"Haliachi, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Kovu? Ulemavu?"

"Haliachi. Ndiyo maana niko hapa."

Akawaeleza juu ya mwangwi. Aliweka mezani mchoro wa meno ya msumeno, akasema umetoka kwa mtu aliye hai, raia wa Shirikisho, aliyeshikiliwa siku kumi na moja na kuachiwa bila mashtaka, na kwamba mtu huyo alimtaja ndugu asiye na hatia ili maumivu yakome.

"Jina lake?" aliuliza Mtitu.

"Siwezi kulitaja."

"Daktari, bila jina huu ni mchoro tu. Hata mimi naweza kuchora msumeno." Watu wachache walicheka. "Tusaidie. Tutajie jina tumwite, tumsikilize, tumlinde."

Kokubelwa alikuwa amemwendea Shekue siku mbili kabla, akamwomba aje. Shekue alikuwa amemjibu akiwa amesimama mlangoni, mkewe nyuma yake: "Mama, nikija nitakuwa nimesema tena." Hakumjibu Mtitu kwa maneno hayo.

"Mheshimiwa, kwa mtu huyo limetoka jina moja tayari. Mimi sitoi la pili."

Mwenyekiti aliandika kitu. Kisha akafika kwenye kifungu cha kumi na mbili. Kwa maoni yake ya kitaalamu, kiwango kisizidi ngapi?

Malugu alikuwa upande wa kushoto wa meza. Alimtazama Kokubelwa kwa namna anayotazamwa mtu aliyeshika kamba unayoning'inia wewe.

"Hakuna," alisema Kokubelwa.

"Una maana sifuri?"

"Nina maana hakuna namba. Nilitengeneza ngazi hizi ili nijue mtu anaumwa kiasi gani, nimwondolee. Mkimpandisha mtu kwa makusudi, amefungwa, hajui mtaacha lini, ngazi zangu hazipimi tena. Ijumaa nilijivisha mwenyewe. Niliweka nne. Dakika ya kumi na tisa ningewapa jina la yeyote mnayemtaka, na ningewapa dada yangu, na msingepata kweli hata moja. Waliolipua Kisengeli bado wako nje, waheshimiwa. Waliomo ndani ni wauza mbegu."

Kwenye viti vya nyuma mwanamke mmoja mwenye picha ya kijana alisimama. Alizungumza taratibu. "Daktari, mwanangu walimtoa kwenye pampu vipandevipande. Yeye alikuwa kiwango cha ngapi?"

Kokubelwa aligeuka akamtazama. "Sijui, mama," alisema. "Pole sana."

Malugu akafungua mkoba wake. Akatoa kitabu chembamba chenye jalada la kijani. Kokubelwa alikitambua kabla hajakiona vizuri. Ulikuwa Mwongozo wa Mtumiaji, toleo la kwanza, ule aliompa Malugu siku mama yake alipolazwa, ili aweze kumhudumia mwenyewe. Ndani alikuwa ameandika kwa mkono: Kwa Ezron, usiogope, ni rahisi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Malugu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mgonjwa, "naomba nisome ukurasa wa arobaini. Kiwango cha saba: maumivu ni makali, lakini mgonjwa bado ana fahamu zake na anaweza kujibu maswali. Kuanzia nane mgonjwa huchanganyikiwa na majibu yake yasitegemewe. Maneno haya ni ya shahidi mwenyewe. Napendekeza nafasi katika kifungu cha kumi na mbili ijazwe kwa saba, na kuzidi hapo liwe kosa la jinai."

Sentensi hiyo Kokubelwa alikuwa ameiandika kwa ajili ya wauguzi, ili wajue ni wakati gani bado wanaweza kumuuliza mgonjwa, unaumwa wapi?

Mtitu alimshukuru Mheshimiwa Malugu. Akamshukuru na daktari pia, kwa mchango wake wa kitaalamu.

*

Muswada ulipita Jumatano ya wiki iliyofuata. Wapo waliokuwa wanasitasita, watu wa dini, watu wa mikoa ya mbali, na ile saba iliwatuliza. Walisema sasa kuna mpaka, sasa kuna utu ndani yake. Hata kati ya wale thelathini na tisa, kumi na wanne walihamia upande wa pili.

Malugu alimsubiri Kokubelwa kwenye ngazi za nje, jua la saa nane likimchoma upara.

"Wangeandika kumi," alisema. "Ulitaka niache waandike kumi?"

"Nilitaka waone aibu."

"Aibu haina kura, Koku."

"Ile kumi wangeiandika wao wenyewe," alisema. "Hii saba wameiandika kwa mkono wangu. Na kitabu nilikupa kwa ajili ya mama yako."

Kokubelwa alishuka ngazi akimpita, na tangu siku hiyo hawakuzungumza tena.

Hakujiuzulu. Alifikiri kujiuzulu, akaenda wodini, akakuta wagonjwa thelathini wanasubiri. Alikwenda mahakamani na mawakili wawili wa kujitolea. Kesi ikapangiwa tarehe, ikahamishwa, ikapangiwa nyingine. Aliandika magazetini mpaka magazeti yakaacha kumpokea.

Sheria mpya ilitaka kila anayeachiwa apimwe na daktari na kujaziwa fomu. Fomu ilikuwa na swali moja tu la maana: kiwango kilichotumika, kwa tarakimu na kwa maneno. Madaktari wengi waliogopa kazi hiyo, basi fomu zikawa zinaletwa kwake. Shemeji wa Shekue hakuletwa kamwe, wala hakuna ofisi iliyokiri kuwa naye.

Mwezi wa tatu wa sheria hiyo akaja mwalimu wa jiografia, Nyamizi, mwanamke wa makamo, kilemba kimefungwa vizuri, viatu vimepigwa rangi. Alikuwa ameshikiliwa siku ishirini kwa sababu ya karatasi iliyookotwa dawatini kwake.

"Daktari, kuna jambo moja nataka nilijue," alisema kabla hata ya kuketi. "Walikuwa wananionyesha kioo. Kila siku. Wananiambia, tazama mwalimu, tano tu hii. Sheria inaruhusu saba, sisi tumekuonea huruma. Na mimi kwenye hiyo tano nilimtaja Matrida. Tunafundisha pamoja. Ndiye aliyenisimamia harusi." "Nataka kujua kama kile kioo kilikuwa kinadanganya."

Kokubelwa alimvisha mkanda, wa kusikiliza tu. Tano ilikuwa chini mno kuacha mwangwi wa kawaida, lakini siku ishirini ni siku nyingi, na kulikuwa na kitu, mstari wa meno mafupi, butu, sawasawa. Walikuwa wamefuata sheria.

Akauzima, akaukunja mkanda, akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Mwalimu, mimi nilijivisha hii mwenyewe. Nilishindwa na nne. Sikufika hata nusu saa. Tano si kidogo."

Nyamizi alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu anayetoa pole msibani.

"Wewe ulikuwa peke yako," alisema. "Hukumtaja mtu. Matrida amerudi juzi. Anapita ng'ambo ya barabara. Mumewe anawaambia watu shuleni, mwalimu Nyamizi aliuza mwenzake kwa tano, na saba haijafika. Wote sasa wanazijua hizo namba, daktari. Hata wanafunzi." Mikono yake ilikuwa imelala juu ya mapaja, haitembei. "Kama ilikuwa zaidi, niandikie. Nikamwonyeshe."

Kokubelwa alivuta fomu. Alijua nakala yake ingekwenda kwa wapelelezi, nao wangefungua kumbukumbu za kifaa chao, wangeona tano siku zote ishirini, na kuanzia hapo neno lake lisingesikilizwa tena mahali popote, si mahakamani wala penginepo, hata liwe la kweli namna gani.

Aliandika kumi, kwa tarakimu na kwa maneno. Akatia sahihi, akagonga mhuri, akamkabidhi karatasi.

Nyamizi aliisoma taratibu, kama anayesahihisha mtihani. Aliikunja mara nne, akaiweka ndani ya blauzi.

"Kumi," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akaegemea kiti.